Nyuzi Kumi na Mbili Chini ya Daraja

Tarehe sita Juni mwaka huu, wakati majirani wa Rågsved walipokuwa wakitundika bendera za sikukuu ya taifa kwenye roshani zao, mimi nilikuwa chini ya jengo, katika stoo ya wazazi wangu, nikitenga vya kuhifadhi na vya kutupa. Baba alikuwa amefariki mwezi wa pili, na mama alikuwa anahamia kwangu Spånga pamoja na masufuria yake yote, ambayo hakukubali tupunguze hata moja. Nyuma ya jozi ya skii ambazo katika ukoo wetu zimewahi kuvaliwa mara moja tu, tena kwa majuto, nilikuta kopo la biskuti lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nililifungua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya nta ya mshumaa, manyoya ya kuku, na uzi uliolowa maji ya mto ukakaushwa na kulowa tena, na kabla sijatambua ninachonusa, macho yangu yalikuwa yamekwisha kujaa na meno yangu yamekwisha kuumana.

Nasema meno, na nataka msomaji wangu anielewe tangu mwanzo. Wengi hufungua makopo ya marehemu wao wakakutana na huzuni. Mimi nami nilikutana nayo, lakini chini yake, kama kaa lililofunikwa majivu, nilikuta kisasi changu cha utotoni kikiwa hai, na hakikuwa kimezeeka hata siku moja.

Ndani ya kopo mlikuwa na vitu vitatu. Kulikuwa na kipande cha gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa, ambamo baba alichomeka nzi wake wa bandia wa kunasia samaki, kumi na saba kwa idadi, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Kulikuwa na kipimajoto cha kioo kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Na kulikuwa na daftari la shule lenye jalada la nailoni. Daftari hilo nitalirudia, kwa maana bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Baba hakuwa mvuvi. Watu wa hapa Stockholm, wakisikia kwamba mtu ametoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, humvika wavu mabegani bila kumuuliza. Baba alikuwa mpimaji wa maji. Kabla ya vita kutufukuza Burundi, alifanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa samaki, na kila alfajiri aliteremsha kipimajoto ziwani, fundo la kwanza, fundo la pili, fundo la tatu, akaandika alichokiona. Kituo kile kilikuwa na sharti moja, nalo baba alilibeba katika ukimbizi wetu wote, Kigoma miaka mitatu na kisha Uswidi: mpimaji haitamki namba kabla hajaiandika. "Namba ikisemwa kabla haijaandikwa," alikuwa akituambia, "huota miguu." Asubuhi za kipimo hakumsalimia mtu yeyote mpaka penseli iwe imerudi mfukoni. Mama, ambaye alitoka katika familia ya wasemaji, alihesabu hilo kuwa msalaba wake wa ndoa.

Tulipofika Rågsved nilikuwa na miaka kumi. Baba alipata kazi ya kusafisha, na miongoni mwa sehemu alizosafisha ilikuwa nyumba ya mbao ya chama cha wavuvi, kusini mwa mji, mwisho kabisa wa njia ya basi. Wanachama walikuwa kama thelathini, na walikuwa na haki ya mto mdogo ulioitwa Kvarnån, maana yake mto wa kinu, ingawa kinu chenyewe kilikuwa kimebaki mawe matatu. Mto ule uliteremka kwa baridi chini ya miti iliyoinamiana, ukaingia katika ziwa pana lisilo na kina, kisha ukatoka upande wa pili na kupita chini ya daraja la barabara. Hapo ndipo baba alipouona kwa mara ya kwanza uvuvi wa nzi, na akaupenda kwa mapenzi ambayo mtu mzima hapaswi kuwa nayo kwa jambo lisilo na faida.

Nilielewa baadaye kwa nini. Ule ulikuwa uvuvi wa wapimaji. Mtu hutupa uzi mzito wenye mdudu asiye na uzito, na samaki aina ya trauti hatamkaribia mdudu huyo isipokuwa anafanana na yule anayeruka siku ile, saa ile. Kwa hiyo kazi yote hufanyika kabla ya ufito kunyanyuliwa. Lazima ujue maji yana nyuzi ngapi za joto, mvua ilinyesha lini, vidudu gani vinatoka kwenye mchanga na kupanda juu. Waswidi wana majira yao ya tano, siku chache mwanzoni mwa kiangazi ambazo huziita wakati kati ya hägg na sirini, maana yake kati ya kuchanua kwa mti wenye maua meupe yenye harufu ya lozi na kuchanua kwa maua ya zambarau ya bustanini. Ni wakati huo ambapo vidudu vikubwa vyenye mbawa za kioo hutoka mtoni kwa maelfu, vikaishi siku moja au mbili, na trauti wakapoteza adabu yao yote. Baba alizishika siku hizo kama watu wengine wanavyoshika Kwaresima.

Lakini hakuruhusiwa kuvua. Ili kutupa uzi Kvarnån ilipasa uwe na kadi ya chama, na ili upate kadi ilipasa mwanachama akudhamini mbele ya mkutano. Aliyeahidi kumdhamini baba alikuwa mwenyekiti, mtu aliyeitwa Sten.

Sten alikuwa mrefu, mwenye ndevu zilizokatwa kwa uangalifu na fulana ya mifuko kumi na miwili. Katika nchi hii kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata waziri, lakini baba hakuweza. Ulimi wake ulikataa. Alimwita "herr Sten", yaani bwana Sten, mchanganyiko ambao hakuna Mswidi angeutamka, na wanachama walikuwa wakicheka kwa upole kila walipousikia. Sten hakumrekebisha. Nadhani aliupenda.

Mwaka 2000, mwezi wa tano, Sten alimkuta baba amepiga magoti kwenye mawe ya kinu, mkono umeingia majini mpaka kwenye kiwiko, kamba ya mafundo mkononi. Alimuuliza anafanya nini. Baba, ambaye Kiswidi chake kilikuwa cha vyoo na ratiba, alimwonyesha daftari. Mwenyekiti akalisoma, namba kwa namba, kisha akamwomba amwandikie taarifa kama ile kila Jumatano. Kadi, alisema, itafuata. Mwakani, bila shaka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani. Kila Jumatano baba alipanda basi la kwanza, akapima sehemu tano, akaandika, akaenda kazini, na jioni alikaa nami kwenye meza ya jikoni. Alisoma kutoka katika daftari lake na mimi nikaandika kwa Kiswidi kwenye karatasi safi. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tumekwisha kuanza ile tabia mbaya ya kumjibu mama kwa Kiswidi, lakini meza ile ilikuwa na sheria zake; hapo nilisema Kiswahili kilichonyooka.

"Karani wangu," angesema kila msimu ulipoanza, "andika kwamba chini ya miti maji ni nyuzi kumi na moja, na kwamba vidudu vya mchanga vimeanza kupanda, vichache, baada ya saa kumi na mbili jioni."

"Vichache kiasi gani, Baba?"

"Vichache kama watu wanaofika kanisani kwa wakati."

Nami niliandika hivyohivyo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliamini kwamba kila neno la baba lilistahili kuingia katika Kiswidi. Alhamisi alfajiri, alipokwenda kusafisha, aliiacha karatasi ile juu ya meza ya chama, chini ya kopo la kahawa.

Nyumbani aliandaa nzi wake. Manyoya yalitoka kwa kuku wa Jumapili, uzi ulitoka kwenye cherehani ya mama, na nta ilitoka kwenye mshumaa wa ubatizo wa mdogo wangu, jambo ambalo mama hakuligundua mpaka mshumaa ulipokuwa mfupi kuliko kidole. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Papa Boni, Mkongo wa Bukavu mwenye kicheko cha tarumbeta, alikuwa akija kukaa na kumtazama.

"Écoute, sikia, Baba Ines," alisema jioni moja, "miye najua samaki inakulaka mdudu. Inakulaka nyoka ya udongo. Lakini samaki ya hii inchi inakulakaka kadi?"

"Hii ya Kvarnån hula kadi," baba alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye nzi aliyekuwa akimfunga. "Bila kadi hafungui mdomo."

"Basi umpikie sombe ya muhogo, atafungua!"

Tulicheka wote. Baba naye alicheka. Alikuwa na hakika na kadi yake kama mtu aliye na hakika kwamba basi litakuja kwa sababu limeandikwa kwenye kibao.

Ilikuwa shuleni, majira ya kuchipua ya mwaka 2002, mwalimu alipotutaka tulete kipande cha gazeti kinachohusu mazingira. Nilikwenda maktaba, nikafungua gazeti la mtaa, na katika ukurasa wa nyuma nikakuta safu iliyoitwa "Hali ya Maji". Ilieleza Kvarnån. Ilieleza nyuzi na vidudu. Na katikati yake, kwa Kiswidi safi kuliko changu, ilisema kwamba vidudu ni vichache kama watu wanaofika kanisani kwa wakati.

Juu ya safu ilikuwa picha ya Sten katika fulana yake ya mifuko. Chini yake lilikuwa jina lake. Mkutubi alinitafutia magazeti ya nyuma, nami nikayasoma yote, nimesimama. Miaka miwili. Kila wiki kuanzia hägg mpaka sirini na zaidi, sentensi zetu za meza ya jikoni, na hapana mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba mtu mwingine ndiye aliyetia mkono majini. Wiki moja alikuwa ameandika hivi: "Kama nilivyojifunza katika maisha marefu kando ya mto huu."

Nilimpelekea baba magazeti. Aliyatazama kwa muda mrefu, akipitisha kidole chini ya namba, kwa sababu namba alizijua katika lugha zote. Mama ndiye aliyesema kwanza, kutoka kwenye jiko: "Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Nilikwambia, Baba Ines. Mtu anayekuita rafiki na hajawahi kunywa chai yako!"

"Mwacheni," baba alisema. "Haja yangu ni kadi. Jina si kitu; jina ninalo tayari."

Mkutano ulikuwa katikati ya mwezi wa tano. Baba alivaa suti yake ya harusi na kunichukua nimtafsirie. Tulikaa kwenye viti viwili vya mwisho, karibu na ndoo zake mwenyewe. Palikuwa na nafasi moja ya uanachama. Sten alisimama, akasema maneno mazuri juu ya mto na vizazi, kisha akamdhamini mume wa binti yake, kijana aliyevaa viatu vipya vya mpira ambavyo bado vilikuwa na karatasi ya dukani. Mikono ikanyanyuka. Mimi sikutafsiri chochote; hapakuwa na haja.

Baadaye Sten alikuja kwetu, akampiga baba begani. "Nästa år, Gaspar," alisema. Mwakani. Kisha akainama kwangu, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende: "Au mapema zaidi. Mwambie baba yako kwamba Siku ya Wageni ni Jumamosi ya pili ya Juni. Nina wageni wakubwa mwaka huu. Wakipata samaki, nitaomba nafasi ya ziada, siku ileile."

Nilimtafsiria baba. Niliona uso wake ukifunguka tena kama mlango uliosukumwa na upepo, na ilikuwa ni kufunguka huko, wala si wizi wa gazeti, kulikonifanya niamue.

Juni ile ilikuwa ya joto mapema. Kwa wiki mbili haikunyesha. Jumatano kabla ya Siku ya Wageni baba alirudi na macho ya furaha. Jioni hakusubiri hata chai imalizike, akafungua daftari. Chini ya miti, maji yalikuwa nyuzi kumi na mbili, ya kioo, na vidudu vya mchanga vilikuwa vikitoka kwa wingi ambao hakuwahi kuuona. Trauti walikuwa wakivimeza kwa sauti iliyosikika ukingoni. Chini ya daraja, baada ya ziwa kuoka juani, maji yalikuwa nyuzi kumi na tisa, kijani kizito, na hakuna kilichokuwa hai humo isipokuwa ng'ombe waliokuja kunywa. "Waende kwenye miti," alisema. "Ni mwendo wa dakika arobaini kupita majimaji, lakini waende. Andika vizuri leo, karani wangu. Andika kwa mkono wako wa kanisani."

Niliandika kwa mkono wangu wa kanisani. Chini ya daraja: nyuzi kumi na mbili, maji ya kioo, vidudu kwa wingi, samaki wanasikika. Chini ya miti: nyuzi kumi na tisa, hakuna kitu, msijisumbue. Sikubadilisha hata kielezi kimoja. Niligeuza sehemu mbili tu, kama mtu anayebadilisha vikombe viwili mezani. Nilijua, kwa werevu wa kikatili ambao watoto huwa nao, kwamba Sten hataenda kuangalia. Alikuwa ameacha kuyatazama maji kwa miaka miwili. Kwa nini ayatazame, hali alikuwa na macho ya baba? Na daraja lilikuwa hatua thelathini kutoka mahali pa kuegesha magari. Uongo humkaa vizuri zaidi mtu ambaye tayari alitamani uwe kweli.

Nilimpa baba karatasi. Aliitazama kwa mkono ulionyooshwa mbali, kama alivyofanya siku zote kwa kukosa miwani. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. "Ahsante, karani," alisema. Asubuhi yake ilikuwa chini ya kopo la kahawa, na Ijumaa ilikuwa gazetini, pamoja na picha na fulana.

Yaliyotokea Jumamosi tuliyapata kwa Sten mwenyewe. Alikuja Jumapili, baada ya misa, mama akiwa bado na kitambaa chake cha kanisani na Papa Boni akiwa amekwisha kuweka kiti chake karibu na maandazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwetu. Alisimama katikati ya sebule na gazeti mkononi, masikio mekundu, akaanza kusema kabla hajavua viatu.

"Mwambie akae," baba aliniambia. "Mtu hagombi akiwa amesimama, damu humshuka miguuni."

Alikaa. Mama alimletea chai ya maziwa. Nami nikasimama kati yao, mahali pangu pa kawaida.

Hapa inabidi niungame jambo. Mtoto anayetafsiria wazazi wake hujifunza kulainisha. Nilikuwa nimelainisha kwa miaka mitatu, pande zote mbili: dharau ya Sten iliingia kwangu na kutoka ikiwa adabu, na uchungu wa baba uliingia na kutoka ukiwa shukrani. Leo mimi ni mkalimani wa mahakama, nimeapa kutosema pungufu wala zaidi, na najua kwamba kiapo changu cha kweli nilikula Jumapili ile, kwenye zulia lile, bila mkono kunyanyuliwa.

"Watu kumi na wanne," Sten alisema. "Kumi na wanne, Ines, na watatu wametoka ng'ambo. Walisimama chini ya daraja tangu mchana mpaka jioni. Hawakuona hata mkia! Ng'ombe walikuja kunywa maji wakawatazama." Alilipiga gazeti kwa kiganja. "Na watu wameanza kupiga simu gazetini. Walikuja kutazama na familia zao. Mwulize amepima wapi."

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye ng'ombe, Papa Boni alijificha nyuma ya andazi.

"Mwambie maji hubadilika," baba alisema.

"Hayabadiliki hivyo!" Sten alijibu. "Amenidhalilisha mbele ya wageni wangu. Labda kosa ni langu. Labda mfagiaji hajui kusoma kipimajoto."

Mama, ambaye Kiswidi chake kilikuwa haba, aliona uso wangu na kuuliza: "Amesema nini?" Nami niliwaambia wote, neno kwa neno, bila sukari. Mfagiaji hajui kusoma kipimajoto. Papa Boni akaacha kutafuna.

Baba aliweka kikombe chake chini taratibu. "Mwulize, gazetini pameandikwa jina la nani."

Nilimwuliza. "Langu," alisema Sten.

"Na jana wageni walipouliza nani aliyepima, alisema nani?"

Sten alilishusha gazeti magotini.

"Basi mwambie hivi, na uliseme kama lilivyo. Mwenye jina ndiye aliyepima. Mimi ni mfagiaji. Kama anataka, leo jioni aende gazetini awaambie kwamba kipimo si chake, ni cha Gaspar, na kwamba vyote vilikuwa vya Gaspar. Nitakubali kosa langu mbele ya watu wote."

Nilisema kama lilivyo. Nililisema polepole, nikaona kila neno likifika. Sten alitazama gazeti, akatazama picha yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu mzima akiutafuta mlango ndani ya chumba chenye mlango mmoja tu. Hakuwa na njia. Ili amlaumu baba ilimpasa kwanza amtaje, na kumtaja ndiko hakukuweza. Alisimama, akaacha chai nzima ikifuka mvuke, akaondoka. Mama aliimwaga chai ile sinkini, akakifunika kikombe kichwa chini, na katika nyumba yetu hakuna aliyekinywea tena.

"Ah, Baba Ines," alisema Papa Boni, "ile ng'ombe miye nitaiombea baraka."

Safu ya "Hali ya Maji" ilifia hapo. Haikutokea Ijumaa iliyofuata wala milele. Wiki ileile baba aliambiwa arudishe funguo za nyumba ya chama. Kadi hakuipata. Alivua miaka iliyobaki katikati ya mji, kwenye maji yanayopita kwa kasi mbele ya kasri ya mfalme, ambako kila mtu ana ruhusa tangu enzi na enzi, akisimama kwenye ukuta wa mawe pamoja na wastaafu na watalii. Aliwapata trauti wa baharini huko, wakubwa kuliko wote wa Kvarnån. Lakini kila mwaka hägg ilipochanua alinyamaza siku mbili tatu, na mimi nilijua anasikiliza mto gani.

Na hicho ndicho nilichokibeba. Furaha ya kisasi nilikuwa nayo, nisidanganye. Nimeila kwa miaka mingi na utamu wake haujapungua. Ila chini ya ulimi palikuwa na ladha nyingine. Wageni wangepata samaki, Sten pengine angetimiza ahadi. Mimi ndiye niliyemkosesha baba ile kadi, kwa mwandiko wangu wa kanisani, na baba, ambaye hakujua kusoma Kiswidi, aliibeba karatasi ile mfukoni karibu na moyo kama mjumbe asiyejua alichotumwa. Nilikua, nikaenda chuo kikuu, nikaolewa, nikazaa, na sikuwahi kumwambia. Alipokuwa hospitali majira ya baridi yaliyopita nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili alinitangulia kwa kuniuliza habari za barafu, kama imeanza kulegea ziwani.

Sasa nalirudia daftari. Nililifungua palepale stooni, nikakaa juu ya skii. Kurasa zote zilikuwa za penseli, tarehe na sehemu tano, bila neno la ziada, maana baba hakuwahi kuchanganya namba na maneno. Isipokuwa ukurasa mmoja. Jumatano ile ya Juni, mwaka 2002, alikuwa ameandika: Miti 12. Daraja 19. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizokandamizwa, palikuwa na mstari mmoja kwa Kiswahili:

Mtoto amegeuza. Nimeona. Napeleka.

Namba alizijua katika lugha zote. Mimi, karani wake mwerevu, nilikuwa nimelisahau hilo. Alishika karatasi ile mkono ukiwa umenyooka, akaona kumi na mbili mahali pa kumi na tisa, na katika muda wa kuikunja mara mbili aliweka kadi yake upande mmoja na hasira ya binti yake upande wa pili, akafunga kifungo. Upole wake, ambao nilikuwa nimeuonea haya utotoni na kuuhurumia ukubwani, ulikuwa na meno kama yangu. Tofauti ni kwamba yake hayakuwahi kuonekana. Ile hotuba ya sebuleni haikuwa ya bahati. Alikuwa ameingojea tangu Jumatano.

Nilicheka peke yangu chini ya jengo mpaka mama akateremka kuniuliza nina nini. Nilimwonyesha. Alisoma, akarudisha daftari, akasema: "Sasa wewe ulidhani kisasi chako ulikipata wapi?"

Watu waliosoma hufundishwa kwamba ugunduzi kama huo huleta msamaha. Kwangu uliondoa hatia, na kilichobaki, kikiwa sasa kimepata nafasi, kilisimama wima. Nilimtafuta Sten. Yu hai, mzee sana, anaishi katika nyumba yake ya bustani upande wa pili wa reli hapahapa Spånga. Nimekuwa nikipita karibu na uzio wake kwa miaka sita bila kujua. Sirini zake zilikuwa zimekwisha kunyauka. Tarehe kumi na moja Julai nilimtumia barua. Niliiandika kwa Kiswidi, na hapa naitafsiri mwenyewe, bila kulainisha:

"Herr Sten,

Mimi ni Ines, binti wa Gaspar, aliyekuwa akisafisha nyumba ya chama chenu. Baba alifariki mwezi Februari. Siombi rambirambi.

Taarifa ya maji uliyoitia jina lako kabla ya Siku ya Wageni ilikuwa ya uongo. Niliigeuza mimi, kwa makusudi, nikiwa na miaka kumi na tatu. Nakala ya ukurasa wa baba imo ndani ya bahasha. Utaona kwamba alipima sawasawa siku ile, kama alivyopima kila Jumatano uliyoiita yako. Mstari wa chini ni wa lugha yetu na unasema: mtoto amegeuza, nimeona, napeleka. Basi ujue, ukiwa ungali hai wa kujua, kwamba mfagiaji alikisoma kipimajoto, na alikusoma na wewe.

Nimekuwekea pia mmoja wa nzi wake. Alimfunga kwa ajili ya Kvarnån, na hakuwahi kumtupa humo hata mara moja. Ni mzuri, mweke kwenye mwanga umtazame. Ncha ya ndoana nimeikata kwa koleo.

Ines, karani wake."